Kona ya Kuzuia Harufu

Miaka ishirini na saba nimeingiza mikono yangu kwenye vyoo vya watu. Nimetoa nywele, nepi, meno ya bandia, na siku moja nilitoa simu ambayo mwenyewe aliifuta kwa leso akaiweka sikioni mbele ya macho yangu. Sijawahi kutapika. Wateja huniuliza, fundi, wewe huoni kinyaa? Nawajibu kwamba mavi ya binadamu yana adabu: yana bomba lake, yana shimo lake, ukiyafungulia njia yanakwenda zake. Kuku je? Kuku hana njia. Ananya anapolia chakula, anakula aliponyea, halafu anakutazama kwa jicho moja kana kwamba mchafu ni wewe.

Kuku wenyewe si wangu. Ni wa mke wangu, wako kumi na wanne, wanakaa uani hatua sita kutoka mlango wa jikoni. Mke wangu alifanya kazi kiwanda cha mikate miaka kumi na minane. Wakaleta mashine, wakamwambia asante. Miezi minne hakutoka kitandani ila kwenda msalani. Watoto wetu wanaishi mbali. Wakipiga simu anawaambia niko salama, huku ameugeukia ukuta. Halafu dada yake akamletea vifaranga kwenye boksi la viatu, na asubuhi ya pili nikasikia mlango wa uani unafunguliwa alfajiri. Ni yeye, kajifunga kanga, anawasemesha. Tangu siku hiyo jua halijamkuta amelala. Kwa hiyo kuku wale wamemfanyia nini mke wangu nilikuwa najua, tena najua vizuri kuliko mtu yeyote. Siwezi kujitetea kwa kusema sikujua.

Lakini uchafu ni uchafu jamani! Chakula alikuwa anawawekea kwenye beseni la zamani la kufulia. Kuku anazamisha mdomo, anautikisa kushoto, anautikisa kulia, anatafuta punje nono, na unga wote unaruka nje. Mdomo ukichoka anaingia mwenyewe, miguu yote miwili, anaparua kama anatafuta pete iliyopotea. Akimaliza kuparua ananya humo humo. Kilichomwagika kikinyeshewa kinakuwa uji wa kijivu, uji unachacha, ukiukanyaga unasikia ndala inang'ang'aniwa. Siku moja niliinua jiwe la kukanyagia pale mlangoni nikakuta funza wamejaa mpaka ardhi inatembea. Nilirudi ndani nikaisukuma sahani yangu, nikamwambia mke wangu nimeshiba.

Na palipo na chakula cha bure panya hakosi. Kwanza walikuja kwa adabu, jioni jioni, mmoja mmoja. Baada ya mwezi walikuwa wanapita mchana kweupe, wanono, hawana haraka, wewe ndiye unayewapisha. Jirani yetu wa ukuta mmoja ni nesi, ana mtoto mchanga. Alikuja kwetu ameshika chupa ya mtoto, chuchu imetafunwa nusu nzima. Hakugomba. "Dada," alimwambia mke wangu, "naomba tusaidiane, hawa wageni wanatokea kwenu." Mke wangu akaomba radhi, akatega mitego, akanasa wanne. Kuwatupa ikawa kazi yangu. Mmoja alikuwa bado anapumua, na mdomoni ana unga wa kuku.

Kilichonishinda kabisa hakikuwa panya. Kilikuwa kitandani. Mke wangu alikuwa anaoga, sikatai, lakini harufu ya banda ikishaingia kwenye nywele haitoki kwa sabuni ya kawaida. Nikawa nalala nimegeukia dirishani. Kisha nikasingizia mgongo, nikahamia chumba cha watoto. Hakuniuliza kitu.

Basi siku moja, niko kazini, nimelala chali chini ya sinki la watu, nikapiga simu ofisi ya afya. Nikasema mimi ni mkazi wa mtaa huu, kuna uani panafugwa kuku, panya wamezidi, kuna mtoto mchanga hatarini. Wakaniomba namba, nikawapa. Niliona nimepata dawa: sheria ikiwaondoa kuku, si mimi niliyewaondoa. Nitamkumbatia mke wangu, nitamwambia pole, maisha ndivyo yalivyo. Ndivyo nilivyopanga, mtu mzima na mvi zangu.

Bwana afya alikuja baada ya siku tatu, mtu mpole, mnene kidogo, ana daftari na buti za mpira. Alizunguka uani ameziba pua kwa kiwiko. Akachungulia nyuma ya banda, akaona shimo, akachokoa kwa kijiti, wakatoka panya saba wakampitia katikati ya miguu. Nilisema moyoni, yamekwisha. Thubutu!

"Mama," alimwambia mke wangu, "kuku hawana kosa. Kosa ni hiki kinacholala chini. Nakupa wiki mbili. Nikirudi nikakuta chakula kimezagaa na panya bado wapo, kuku wote watoke. Ukitaka kubaki nao, tafuta chombo kisichomwaga."

Alipoondoka, mke wangu alikaa kwenye ngazi ya jikoni, mikono mapajani. Akasema taratibu tu, bila kunitazama, "Hawa wakiondoka, sijui asubuhi nitaamkia nini."

"Na aliyeniitia ni yule nesi," akaendelea. "Anakuja hapa, dada, dada, kumbe ana lake moyoni."

Hapo nafasi ya kusema ilikuwepo, pana kama mlango. Nikapiga kimya. Tangu siku hiyo mke wangu akikutana na nesi anageuza uso, na nesi wa watu akabaki anajiuliza amekosa nini.

Kesho yake mke wangu akaniambia, "Baba watoto, si wewe fundi? Nitengenezee."

Hebu niambie ningejibu nini. Ningekataa, ningeulizwa sababu. Nikakubali kwa shingo upande. Lakini fundi ukishamshikisha msumeno anasahau alikuwa anamchukia nani, na mimi nikaanza kufikiria kile chombo kwa dhati. Mke wangu alikuwa ameshapita maduka ya vyakula vya mifugo. Kulikuwa na cha kuning'iniza, cha plastiki, chenye sahani chini. Dada yake anacho, kuku wanakiyumbisha mpaka nusu inamwagika. Kulikuwa na sanduku lenye kanyagio: kuku akisimama juu yake mfuniko unafunguka, akishuka unajifunga, panya ni mwepesi hawezi kuufungua. Hilo lilinivutia, ila kuna kuku wetu mmoja kiwete, na mke wangu akasema, "Huyu atakula saa ngapi, akisubiri wenzake wamkanyagie?" Kulikuwa na ndoo ya kutoboa matundu pembeni.

"Ndoo!" nikasema. "Mimi nitoboe ndoo, na mabomba yamejaa stoo?"

Basi likawa bomba. Plastiki, la inchi nne, linasimama ukutani, unajaza juu, kuku anakula chini. Kinachoingia mdomoni mwa bomba ni kichwa tu, miguu inabaki nje na ujinga wake. Lilikuwa wazo zuri, hata leo nasema lilikuwa zuri. Nilipima, nikakata, nikapiga msasa, nikaunga kwa gundi. Na kule chini, kabla ya mdomo wa kulia, mkono wangu ukaweka kona. Si kona ya kawaida. Ni ile unayoiona chini ya sinki, inayoshuka kisha ikapanda, maji yanabaki ndani yake ili harufu ya shimo isirudi nyumbani. Sijui nilifikiri nini. Nadhani sikufikiri. Kwangu mimi bomba linalokaribia uchafu bila kona ile ni bomba lililo uchi. Nikafunga matatu ukutani kwa vishikio, yamenyooka, yanameremeta. Kisha nikayapima kwa maji, maana fundi asiyepima kwa maji ni tapeli. Nikamimina ndoo nzima juu, yakatoka chini, hakuna kiungo kilichovuja hata tone.

Nikayafuta nje kwa kitambaa, nikamwambia mke wangu, "Jaza."

Wewe umeshaona nilichofanya. Mimi sikukiona. Maji yakibaki kwenye kona, miaka yote hiyo, ndiyo yamekuwa yakiniambia kwamba kazi imekaa sawa.

Siku mbili kuku walikula kile alichowawekea mdomoni mwa bomba kuwazoesha. Siku ya tatu chakula kilichojazwa juu hakikupita kona hata punje. Mke wangu aligonga bomba kwa mwiko, akalitikisa, akaingiza vidole. Kuku wakapiga kelele za njaa mpaka kiwete naye akawa anamdonoa miguu. Akashindwa kuvumilia, akawatupia chakula chini kwa mkono, na jioni hiyo panya wakarudi karamuni. Nikamwambia chakula cha duka lile kina unga mwingi. Nikamwambia hewa ya wiki hii nzito. Nikamwambia kuku wake hawajazoea vitu vizuri. Mganga hajigangi, na mimi nilikuwa nautafuta ugonjwa kila mahali ila mkononi mwangu.

Siku ya tano ikaanza harufu. Nikaleta msumeno, nikakata kona ya bomba la kwanza. Kilichotoka kilitoka polepole, kipande kimoja, kimechukua umbo la kona yenyewe: cheusi pembeni, kijani katikati, kimeota manyoya ya ukungu, na ndani yake funza weupe, wanene, wanagaagaa. Kikaanguka puu! juu ya kiatu changu. Uvundo ule sina jina lake. Ulipanda puani ukashuka tumboni, na mimi, fundi wa vyoo, nikashika ukuta nikatapika chai yote ya asubuhi. Kuku wakaja mbio. Wakala nilichotapika. Wakala na funza, wakanyang'anyana, kisha wakanitazama kama kuna nyongeza.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Nilidhani atacheka.

"Umefanya makusudi," akasema.

"Nini?"

"Hawa umewachukia tangu siku ya kwanza. Fundi mzima hujui kwamba maji yanakaa kwenye kona? Ulitaka siku zipite, yule bwana arudi, akute panya."

"Sijawahi kuharibu kazi makusudi maishani mwangu!" nikafoka. "Nimekosea. Nimekosea kijinga, lakini nimekosea."

Ilikuwa kweli tupu. Ndiyo kweli pekee niliyomwambia kwa wiki nzima, na hiyo ndiyo aliyokataa kuiamini. Akachukua koleo, akaanza kuzoa ule uchafu yeye mwenyewe, na mimi nikabaki na kiatu changu kinanuka.

Niite bahili, niite mkali, nitanyamaza. Usiniite mharibifu wa kazi. Nilipandwa na hasira isiyokuwa na mahali pa kwenda, na kesho yake sikwenda kazini. Niligeuza ndoo, nikaikalia katikati ya uani, nikawatazama kuku wanakula kuanzia asubuhi mpaka jua la utosi. Sijawahi kukaa nao muda mrefu hivyo. Harufu ilinikaba, mmoja alininyea kwenye kifundo cha mguu, moto kabisa, nikajipangusa kwa jani nikaendelea kutazama. Nikagundua kwamba kuku hapotezi chakula kwa kula. Anapoteza kwa kuchagua. Ule mdomo unafagia upande upande, na usipokuta ukuta, kinachofagiwa chote kinakwenda nje.

Mke wangu alinipita mara tatu. Mara ya nne akasimama.

"Usawa wa mgongo wake," akasema.

"Nini?"

"Mdomo wa bomba uweke usawa wa mgongo wa kuku. Akiinama anaparua. Akinyoosha shingo anakula tu. Na huyu kiwete uwe na wake, chini kidogo."

Tukafanya pamoja. Bomba likanyooka kutoka juu mpaka chini, likaishia kwenye kona pana, fupi, iliyolala tu kidogo, chakula kinateremka chenyewe kwa uzito wake. Ndani ya mdomo nikagandisha pete niliyoikata kwenye bomba, upana wa kidole, ili mdomo wa kuku ukifagia ugonge hapo chakula kirudi. Juu mfuniko dhidi ya mvua. Chini kifuniko cha kuziba jioni kuku wakishapanda kulala, panya akija akute mlango umefungwa. Sikupima kwa maji. Mkono uliniwasha, lakini sikupima. Tulimimina chakula kikavu, tukasikia kinashuka shaa, kikatokeza mdomoni kikasimama hapo hapo. Mke wangu akapiga makofi. Akacheka, akanipiga bega kwa mkono wenye pumba, akasema, "Kumbe ukitaka unaweza, mzee!" Nilitaka kumwambia siku ile. Kweli nilitaka. Nikasema kesho.

Kesho ikaja, na nyingine, na nyingine. Tuliweka sinia chini ya mabomba kukusanya kinachodondoka, na kilichodondoka kutwa nzima kilienea kwenye kiganja kimoja. Kiwete akanenepa. Ardhi ya uani ikakauka, ikafagilika. Panya walikuja siku mbili, wakanusa, wakatafuna kifuniko kidogo, wakahama. Mitego ikakaa mitupu. Mimi bado niliwaona kuku wachafu, sitadanganya, nikipita karibu nao naziba pumzi. Lakini nilikuwa napita.

Bwana afya akarudi siku aliyoahidi. Alizunguka, akainama, akachokoa lile shimo, hakikutoka kitu. Akafungua kifuniko, akaingiza kidole, akaiona ile pete ya ndani, akatikisa kichwa kwa kupendezwa. "Hii kazi ya nani?"

"Ya mume wangu," mke wangu akasema, na ungemsikia alivyosema! Alikuwa amevaa gauni lake la kazi, lile la kuingilia bandani, juu ya nguo nyingine, kidevu juu, kama aliyeshinda kesi.

"Basi kuku wabaki, mama. Hongera." Akaandika kwenye daftari. "Malalamiko haya nayafunga. Ila utaratibu wetu, lazima nimjulishe aliyelalamika." Akatoa simu yake, akasoma namba kwenye ukurasa, akabonyeza.

Mke wangu akaugeukia ukuta wa nesi, akatega sikio.

Simu ikaita mfukoni mwangu.

Nilikuwa nimevaa ovaroli, mfuko wa kifuani, na mkono wangu haukunyanyuka. Ikaita mara ya pili. Ikaita mara ya tatu. Bwana afya, masikini ya Mungu, alinitazama, akaitazama simu yake, akaikata. "Samahani," akasema, sijui alikuwa anamwomba nani. Akafunga daftari, akaondoka upesi na buti zake.

Mke wangu hakunigombeza. Alitoka nje, na kupitia ukutani nikamsikia anabisha hodi kwa jirani. "Mdogo wangu, nimekuja kukuomba radhi. Nimekununia bure." Nesi akauliza kuna nini dada, karibu ndani, na mke wangu akajibu kwamba hana muda wa kuketi. Akarudi. Akasimama mbele yangu karibu kabisa.

"Kumbe panya mwenyewe nilikuwa nalala naye," akasema. "Anauma huku anapuliza."

"Mke wangu, chombo nimekutengenezea kwa moyo..."

"Chombo nimekiona. Ni kizuri." Akainua mkono, akanusa mkono wa gauni lake, kwanza juu, kisha kwenye kiwiko, taratibu, kama mtu anayekagua nguo ya mwingine. "Nakuuliza jambo moja, unijibu usifikiri. Siku ulipopiga ile simu, ulikuwa unawaonea kinyaa kuku, au unanionea mimi?"

Jibu lilikuwa kuku. Nakuapia, jibu lilikuwa kuku. Lakini nilimeza mate kwanza, na nilipofungua mdomo yeye alikuwa ameshainamisha kichwa anavua lile gauni la kazi pale pale uani, na kuku wote kumi na wanne wamemzunguka miguuni, wakidhani amewaletea chakula.